Kungoja Nako Ni Kazi: Marubani wa Mizigo na Jamaa Zao

Mwezi uliopita niliwapa watoto wa darasa la tano insha: "Kazi ya papa yangu." Wengi waliandika mambo tunayoyajua. Papa ni motari, papa ni askari, papa anauza simenti Kadutu. Mtoto mmoja mpole, wa benchi ya tatu, aliandika kwa Kifaransa chake cha shida sentensi moja tu: papa yangu anangoja simu. Wenzake walicheka. Mimi nami nilikaribia kucheka, nikajizuia, nikaandika chini kwa kalamu nyekundu: "Eleza zaidi." Kesho yake alirudisha daftari. Alikuwa ameongeza: "Simu ikilia, papa anaenda. Isipolia, hatuna makuta."

Mama yake ninamjua. Ni mwanachama mwenzetu, yule anayependa kukaa karibu na mlango. Bwana yake ni rubani wa ndege ndogo inayobeba mizigo kutoka Kavumu kwenda Shabunda, Lulingu, Punia, Kasese na viwanja vingine vya ndani. Ninakiri kosa langu: siku zote nilidhani mke wa rubani ni mtu asiyehesabu makuta sokoni. Nilipoona anachelewa kulipa minervali, nilidhani ni uzembe. Nilimwita, tukazungumza, kisha nikaenda kwake siku ya Mungu nikazungumza na bwana yake pia. Wameniruhusu kuandika bila kuwataja majina.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Kuna ndege zenye ratiba: saa imeandikwa kwenye tiketi, na rubani anajua mwanzoni mwa mwezi kwamba tarehe fulani atalala Kinshasa. Ndege ya mizigo ya kukodiwa haina ratiba. Mchuruzi anakusanya sabuni, chumvi, sukari, bia, mafuta ya gari, mabati. Mzigo ukitimia, anakwenda kwenye biro ya kampuni na kulipa. Mkubwa wa biro anauliza: mafuta yapo? Ndege ni nzima? Hali ya hewa ya Shabunda ikoje? Yote yakiitika ndipo rubani anapigiwa simu. Inaweza kuwa saa tatu ya usiku kwa safari ya alfajiri. Inaweza kuwa saa kumi na moja ya asubuhi, na gari liko nje tayari.

Anayeishi mjini Bukavu ana kilometa kama 30 hadi Kavumu, na barabara ile mnaijua. Rubani huyu anaamka gizani, anafika uwanjani, anakuta mzigo haujapimwa au mvua imefunga upande wa Kahuzi. Anakaa chini ya bawa la ndege. Saa sita bado yuko pale. Saa nane wanamwambia: tumeahirisha, kesho. Anarudi nyumbani amechoka kama mtu aliyefanya kazi, na kwa hesabu ya kampuni hakufanya kazi yoyote.

Hapa ndipo penye shida. Mshahara wake una sehemu mbili. Moja ni mshahara wa msingi, mdogo, usiobadilika. Nyingine ni primi ya saa za kuruka, na saa hizo huhesabiwa tangu ndege inapoanza kusogea mpaka inaposimama. Masaa ya kungoja hayamo. Tufanye hesabu ya ubaoni; namba nimezitunga mimi ili tuelewe tu. Tuseme mshahara wa msingi ni dola 400 na kila saa ya kuruka ni dola 15. Mwezi wa jua anaruka saa 60: anapata dola 1,300. Mwezi wa mvua anaruka saa 12: anapata 580. Kodi ya nyumba haijui mvua, wala minervali. Mama huyu aliniambia: "Mwalimu, mimi siwezi kuingia likirimba na wenzangu. Nitaahidi nini? Mwezi huu nina mia, mwezi ule sina kitu."

Na si mvua peke yake. Wenye umri wetu tunakumbuka Septemba 2010, Rais Kabila aliposimamisha uchimbaji wa madini katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, mpaka Machi 2011. Watu walizungumza juu ya wachimbaji, na ilikuwa haki. Wachache walizungumza juu ya ndege. Ndege iliyopeleka sabuni Lulingu ndiyo iliyorudi na kasiteriti, na safari ya kurudi ndiyo iliyolipia safari ya kwenda. Jiwe lilipokatazwa, hesabu ya ndege iliharibika. Anayelipwa kwa saa alibaki bila saa. Vilevile mafuta ya ndege yakikosekana, kipande cha injini kikisubiriwa kutoka ng'ambo, bei ya kasiteriti ikianguka huko wanakouza, yote yanaishia kwenye sufuria ya mama mmoja wa Bukavu.

Lazima niseme upande wa patroni pia, maana nilimsikia bwana huyu mwenyewe akimtetea. Patroni naye hajui kesho. Analipa bima, uwanja na ukarabati, ndege iruke isiruke. Tangu 2006 kampuni zetu za ndege ziko kwenye orodha ya Ulaya ya zile zisizoruhusiwa kuruka kule, na jina baya hilo halimrahisishii kitu. Kwa hiyo hatari ya siku isiyo na mzigo anaigawa na marubani. Anachosahau ni kwamba siku ya mzigo mwingi hagawi faida kwa kipimo kile kile.

Siku ya mzigo mwingi ina hatari yake. Viwanja vya ndani havina taa, kwa hiyo kuruka ni mchana tu, na mawingu ya mvua hupenda kujikusanya baada ya saa sita. Kazi yote inasukumwa katika asubuhi. Kavumu iko juu, zaidi ya meta 1,700, ambapo hewa ni nyepesi na ndege iliyojaa inachelewa kupanda. Magharibi yake kuna mlima Kahuzi, meta 3,308. Kutoka hapo hadi Shabunda ni chini ya saa moja angani, wakati barabara ina zaidi ya kilometa 300 na malori yamekaa miaka yakizama ndani yake. Ndege ya aina ya Let 410 inabeba kama tani moja na nusu. Kupeleka tani sita ni safari nne: kuruka mara nane, kutua mara nane, nusu ya hizo kwenye udongo. Anayejua magari ataelewa: dereva hachoki kwenye lami iliyonyooka, anachoka kwenye kona. Kutua na kuruka ndizo kona za rubani.

Mwaka 1997 watafiti wa Australia walichapisha jambo katika jarida la Nature ambalo nimewasomea walimu wenzangu: mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi za mkono na jicho kama mtu mwenye pombe kiasi cha asilimia 0.05 katika damu. Aliyeamshwa saa tisa ya usiku anafikia saa 17 ifikapo saa mbili ya jioni. Mnywaji tunamnyang'anya ufunguo. Mchovu tunamsifu kwamba ni mchapakazi.

Nilimuuliza bwana huyu kama usiku analala. Akacheka, akaonyesha simu. Inakaa chini ya mto, sauti juu kabisa. Mke wake ndiye aliyejibu: "Analala kama mama mwenye mtoto mchanga." Kisha akamgeukia: "Papa, mimi ninakuuliza kila siku. Usiku huu ni wako au ni wa kampuni?"

Rubani akaniambia kwamba swali hilo la mke wake lina jibu kwenye vitabu, lakini alilikuta mbali. Alipokuwa akisomea kazi hii alisoma sheria za Marekani. Kule pia wapo marubani wa mizigo ya ghafla. Karibu na Detroit kuna uwanja unaoitwa Willow Run. Wakati wa vita ya pili ya dunia palikuwa na kiwanda cha ndege za kivita, na maelfu ya wanawake walipiga ribiti pale. Baadaye uwanja huo ukawa maskani ya ndege za kubeba vipuri vya magari. Kiwanda cha magari kikikosa kisanduku kimoja cha vipuri, mamia ya wafanyakazi wanasimama. Basi simu inalia usiku na rubani anaruka. Ni kisa kile kile cha Kavumu, isipokuwa lami yao ni nzuri.

Sheria yao inasema hivi kwa ndege zisizo na ratiba: rubani akiwa peke yake asiruke zaidi ya saa 8 katika saa 24, wakiwa wawili, saa 10. Katika saa 24 kabla ya kumaliza kazi awe amepumzika saa 10 mfululizo. Katika kila miezi mitatu apate siku 13 zisizo na kazi. Watu wakabishana: rubani aliye nyumbani na simu, anapumzika au hapumziki? Wanasheria wa mamlaka ya anga wakaandika jibu. Mapumziko lazima yajulikane kabla hayajaanza, na katika muda huo mtu asiwe na wajibu wowote wa kuitika akiitwa. Akilazimika kujibu simu na kwenda, hapumziki. Mama yetu alisikiliza, akapiga magoti yake kwa kiganja: "Umeona? Hata Wazungu wanasema kama mimi."

Nisiwapambe sana lakini. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya abiria ilianguka karibu na Buffalo, jimbo la New York, watu 50 wakafa. Uchunguzi ulisema rubani mkuu alikosea alichofanya ndege ilipoanza kupoteza nguvu za kuelea. Ila yalitoka na mengine: rubani msaidizi, dada wa miaka 24 mwenye mshahara mdogo, alikuwa amesafiri usiku kucha kuvuka nchi ili kufika kazini. Jamaa za waliokufa walikwenda Washington tena na tena, wameshika picha za watu wao, mpaka sheria ikabadilishwa 2010. Kanuni mpya za mapumziko zilianza tarehe 4 Januari 2014. Na marubani wa mizigo? Waliachwa nje. Serikali ilisema gharama ingepita faida. Miezi michache kabla ya hapo, Agosti 2013, ndege kubwa ya mizigo ilikuwa imeanguka alfajiri karibu na uwanja wa Birmingham, Alabama, marubani wake wawili wakafa, na uchovu ulitajwa kati ya sababu. Sanduku halina mjane wa kushika picha yake, ndivyo nilivyoelewa mimi.

Kwetu mizigo na watu havitengani. Wangapi kati yetu wamekaa juu ya magunia kwenda Shabunda? Nimewahi kukaa, nikiwa na mimba ya miezi mitano, na sikuuliza kama anayeendesha amelala.

Sasa, kwa nini wanaondoka? Kijana anayemaliza shule ya urubani, Afrika Kusini au Nairobi, amegharimia makumi ya maelfu ya dola. Mara nyingi shamba la ukoo limeuzwa. Anarudi na saa kama 200 kwenye daftari lake la kuruka, zinazotosha kupata leseni ya biashara. Ili apate leseni ya juu kabisa, ile ya kuwa mkuu wa ndege kubwa za abiria, anahitaji saa 1,500. Zinabaki 1,300. Akiruka saa 60 kwa mwezi, ni miezi 22. Akiruka 25, ni miaka minne na zaidi. Kwa hiyo kijana hahesabu dola, anahesabu saa. Atakubali mshahara wowote na usiku wowote, mradi anaruka. Daftari likijaa, anaondoka. Kampuni imeshamlipia mafunzo ya aina ya ndege yake, inakasirika, na wa nyuma yake inamfunga kwa mkataba wa mwaka mmoja au miwili: ukiondoka mapema, unarudisha gharama. Mfungwa wa mkataba anahesabu siku badala ya saa, ndiyo tofauti.

Kuna pia wale wa Antonov, Warusi na Waukraine, tuliowazoea mjini tangu miaka ya tisini. Wao huja kwa mkataba wa miezi, wanatuma dola kwao, wanarudi. Wengine ni mafundi wakubwa kabisa. Lakini kila anayeondoka anaondoka na kitu kisichoandikwa popote: wingu lipi la Kahuzi linafunguka saa nne na lipi halifunguki; kiwanja kipi kinateleza upande wa kushoto baada ya mvua; mlinzi yupi anasema kweli kwenye simu anapoulizwa kama mbuzi wametolewa uwanjani. Bwana wa mwenzetu amekaa miaka sita. Katika miaka hiyo amefanya kazi na marubani wasaidizi tisa. Tisa, wamama. Mimi darasani nikibadilishiwa mwalimu msaidizi mara tisa nitaacha shule.

Naye anataka kuondoka. Ana miaka arobaini na kitu, na kampuni ya jimbo lingine imemwandikia: mshahara wa mwezi usiohesabu saa, wiki sita za kazi, wiki mbili nyumbani. Mke hataki. Anasema: "Afadhali nilale na simu kuliko nilale peke yangu." Kisha siku nyingine anasema kinyume. Sikumshauri. Ndoa ya watu si zoezi la ubaoni.

Nilileta jambo hili kwenye mkutano wetu wa siku ya nne, nikidhani tutamhurumia mwenzetu na kumaliza. Haikuwa hivyo. Ninyi mliokuwepo mnakumbuka. Mama mmoja mchuruzi, anayepeleka sabuni na kurudi na mafuta ya mawese, alisimama akasema wazi: "Simu hiyo mnayoilalamikia, nani anaipiga? Ni sisi. Mimi ndiye ninayempigia patroni saa mbili ya usiku kwamba mzigo wangu uko tayari na wa fulani usitangulie. Nisipopiga, nafasi inachukuliwa." Mke wa rubani akamjibu kwa uchungu kwamba anamjua sasa anayemwamsha mume wake. Wakainuliana sauti. Mama Mwenyekiti alilazimika kugonga meza. Mchuruzi naye ana haki: mawese yakikaa Shabunda juma zima, madumu yanavuja na mwenye deni hangoji.

Lakini katika ugomvi huo lilitoka jambo ambalo mimi na vitabu vyangu hatukuliona. Wachuruzi wa chama chetu wanaopeleka mizigo Shabunda ni saba. Kila mmoja anapiga simu yake, siku yake, na kila mmoja anajaza robo ya ndege. Ndege inangoja robo nyingine tatu, na rubani anangoja ndege. Mama mmoja kijana akauliza kwa nini hatujazi ndege moja pamoja, kama tunavyofanya likirimba. Kimya kikaingia kidogo. Kisha wakaanza kuhesabu magunia.

Waliloamua ni hili. Mzigo wa saba wote uandikwe kabla ya siku ya pili jioni, upimwe siku ya tatu, ndege iruke siku ya nne, mvua ikikataa siku ya tano. Wamama watatu walikwenda kwa patroni na karatasi hiyo, pamoja na ombi moja la upande wa pili: kwa kuwa sasa anajua siku ya mzigo wetu, aandike kwa kila rubani siku mbili za mapumziko kwa juma, na siku hizo simu isipigwe kwake. Patroni alisoma, akawauliza kama wametumwa na marubani. Walisema wametumwa na sabuni. Alicheka. Alikubali siku moja, si mbili, kwa mwezi mmoja wa majaribio. Juu ya primi ya kungoja hakutaka kusikia. Alisema hilo ni la kampuni na mamlaka ya anga, si la wamama. Mwenyekiti ameandika kwenye daftari la mkutano kwamba tutarudi kwake.

Juma la kwanza mvua ilinyesha siku ya nne na siku ya tano, na mzigo ukaruka siku ya posho, yaani siku ile ile iliyoandikwa mapumziko. Mchuruzi wetu wa mawese alimpigia simu mke wa rubani kumwomba msamaha kabla hajampigia patroni. Juma la pili lilikwenda kama lilivyoandikwa. Mtoto wangu wa benchi ya tatu alikuja Jumatatu na habari kwamba papa yake alimpeleka ziwani na kulala usingizi kwenye majani mchana kutwa, mpaka watoto wakachoka kumwamsha.

Barua ya kampuni ile nyingine bado iko kwenye kabati. Jibu linatakiwa kabla ya tarehe 30. Wamepanga kuzungumza siku ya posho ijayo, wao wawili tu. Siku hiyo rubani mwenzake ndiye atakayekaa na simu.